Chozi Wasiotaga

4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na mlimani kwema. Mimi mzima, wale ndege wako wanne, chozi uliowanasa, nao wazima. Wamewekwa kwenye nyumba ya vioo nyuma ya jumba la bosi. Chumba changu kimeshikana nayo, dirisha lake pekee linawatazama wao. Kutwa nzima nawachanganyia maji ya sukari. Bosi huwaringia wageni kwamba ndege hawa hawapatikani popote ila mlimani kwetu.

Pasipoti yangu kaifungia kwenye sefu. Nilimuuliza nitarudi lini. Akasema, "Wakitaga na kuangua, unaondoka kesho yake."

Basi niombee watage.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ndio huohuo. Fanya kazi, tulia. Ndege wana mambo yao.

Baba yako

11 Juni

Shikamoo Baba,

Za siku nyingi? Barua yako fupi ilinitia wasiwasi.

Wale wawili wa kijivu, uliosema ni majike, wanabadilika rangi. Mmoja koo linang'aa kijani. Mwingine jana kaota ukanda mwekundu kifuani, na sasa wote wanne wanapigana. Nikisikia viatu vya bosi nawafukuzia nyuma ya maua.

Baba, ulijua?

Binti yako

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilijua.

Majike hawakushikika, na mnunuzi wa bosi wako alitaka jozi mbili siku ileile, la sivyo kazi hiyo angempa binti wa mtu mwingine. Madume wachanga wanafanana na majike, nikanyamaza. Nilidhani nakufungulia njia. Tangu uondoke chakula hakipiti kooni. Nivumilie, nitalirekebisha mwenyewe.

Baba yako

2 Septemba

Shikamoo Baba,

Sijui hali yako, nami yangu siwezi kuiita nzuri. Bosi kagundua. Hakufoka. Alivuta kiti, akaketi, akasema, "Basi baba yako alete majike. Watataga, wataangua, na wewe utalea makinda mpaka nao watage." Kisha akaniagizia kitanda kipya, kikubwa.

Baba, usipande mlimani. Majike wasipokuja, hawa wanne watazeeka, atawachoka, na mimi ataniachia. Nakusihi usitume hata mmoja.

Binti yako

5 Septemba

Mwanangu,

U hali gani? Tangu ile barua yako ya Juni sijapata nyingine, nadhani umenikasirikia, na ni haki yako. Lakini soma hii ufurahi.

Nimekaa mlimani wiki mbili na nimewapata. Majike watatu, wa kweli safari hii. Mmoja nimemtoa juu ya mayai yake kwa mkono wangu. Mnunuzi kaondoka nao asubuhi hii, kasema kesho kutwa watakuwa kwa bosi wako. Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili. Mama yako anacheka, anafua mashuka ya kitanda chako.

Baba yako