Picha ya Saa Nne na Dakika Ishirini na Moja

16 Machi

Shemeji yangu,

Habari za huko? Mke wako na mtoto hawajambo? Sisi huku tunaamka na tunalala, ndiyo afya yenyewe kwa sasa. Kifua cha mwanangu mdogo kimepoa. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mimi nalia, wewe unalia, tunaagana hatujasema kitu.

Ahsante kwa kusimamia mazishi. Pale mlangoni uliponiambia, "Shemeji, kula hata kidogo, kaka atanigombeza," nilicheka. Sijacheka tena tangu siku ile.

Sasa nisikilize. Jumatano alikuja mtu aliyetumwa na yule dereva aliyemgonga kaka yako. Viatu vinang'aa, katoni ya juisi mkononi kama anayekuja kumwona mgonjwa. Akakaa kwenye kiti cha kaka yako bila kuuliza. Akatoa karatasi, akasema ni utaratibu tu, nitie sahihi. Nikaisoma. Imeandikwa kwamba marehemu alivuka wakati taa ya waenda kwa miguu ni nyekundu, na gari lilikuwa na kijani.

Kaka yako huyo huyo. Mtu wa kusimama ukingoni mwa barabara tupu, mvua inamnyeshea, mlango wa friji la mteja begani, anasubiri kijani. Mafundi wenzake walimwita Bwana Ngoja. Siku moja nilimvuta mkono nikamwambia tuvuke, hakuna gari. Akasema, "Taa haijasema hakuna gari. Imesema ngoja."

Karatasi nilimrudishia mwenyewe. Juisi aliiacha. Niliimwaga chooni pakiti moja moja, zote kumi na mbili, nimeziba pua. Haikuwa imeoza, shemeji. Ilinukia nanasi tu. Ni mimi sikuweza.

Trafiki anasema aliomba picha ya kamera ya pale njia panda, akajibiwa kuwa hakuna picha iliyopitishwa ya saa hiyo. Kesi itasikilizwa tarehe 11 Mei. Picha za miji yote zinaletwa ofisini kwenu, na wewe ni mkaguzi wa picha hizo. Ni Jumanne ya tarehe 3 Machi, saa nne na dakika ishirini hivi asubuhi. Naomba uitafute. Sitaki wanangu wakue wakisoma mahali kwamba baba yao alijiua kwa haraka zake, yeye ambaye hakuwahi kuwa na haraka.

Wasalimie wote.

Shemeji yako


27 Machi

Shemeji mpendwa,

Pole sana na hongera kwa kujikaza. Sisi tu wazima. Mtoto ameota jino la tatu na anang'ata kila kitu, hata mguu wa meza.

Kuhusu ile picha, nimejaribu. Kamera ya pale ina matatizo ya muda mrefu. Lenzi inaingia unyevu, na siku za mvua haioni vizuri. Tena mfumo ulikuwa unafanyiwa marekebisho wiki ile. Tena si kila picha inafika kwenye meza yangu, tuko sita. Nisingependa ujipe matumaini halafu uumie mara ya pili.

Kaka hatarudi, shemeji. Pengine tumwachie Mungu, wewe ulee watoto. Kesi zinachosha.

Nitakuja mwezi ujao nikipata nafasi.

Shemeji yako


6 Aprili

Shemeji,

Salamu kwa mke wako, na kwa huyo mwenye meno matatu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sababu tatu kwa kosa moja. Kaka yako alikuwa akisema mteja akikupa sababu tatu, friji amelivunja mwenyewe. Lakini nilikunyamazia, nikaenda pale njia panda.

Yupo muuza vioo na fremu mkabala na taa. Alinipa kiti nje ya duka. Nilikaa tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikaiona kamera ikimulika mara tisa. Muuza vioo akasema, "Hiyo inapiga picha kuliko mpiga picha wa harusi, mama." Nikamuuliza hata mwezi wa tatu ilikuwa inapiga. Akasema haijalala hata siku moja tangu ifungwe.

Jirani yetu wa teksi naye aliletewa barua ya faini. Tarehe 3 Machi, saa mbili asubuhi, kamera ile ile. Anaapa alikanyaga mstari kwa tairi moja tu la mbele, na wamempiga picha hadi mikwaruzo ya bampa inaonekana. Machi 3, shemeji. Mvua haikunyesha. Nilikuwa nimeanika shuka.

Halafu nililiona lile gari lililomgonga kaka yako. Jeusi, refu, namba ile ile ya kwenye ile karatasi. Taa ilikuwa imeshakuwa nyekundu, wengine wamesimama, lenyewe likapita kushoto kwao kama maji yanayofuata mfereji. Kamera ikammulika dereva mgongoni, naye hata kichwa hakugeuza. Alikuwa anakula kitu, anajifuta midomo kwa kiganja. Hajamaliza hata mwezi na nusu tangu aue mtu mahali hapo hapo. Muuza vioo akaniletea maji.

Mtu asiyegeuza kichwa kamera inapommulika anajua kitu. Wewe unafanya kazi humo. Unanificha nini?

Shemeji yako


19 Aprili

Shemeji,

Natumaini mko wazima. Wiki mbili sasa hujanijibu na simu hupokei.

Mtu wa teksi amenisomea maandishi madogo nyuma ya barua yake ya faini. Picha hutunzwa siku sitini, kisha hufutwa. Nimehesabu kwa kalenda ya jikoni. Siku ya sitini ni tarehe 2 Mei.

Naomba jibu, hata likiwa baya.

Shemeji yako


22 Aprili

Shemeji,

Leo nashindwa hata kukujulia hali.

Ngoja nikueleze kazi yetu. Gari likivuka mstari taa ikiwa imeshakuwa nyekundu, kamera inapiga picha mbili. Moja gari likiwa kwenye mstari, ya pili likiwa katikati ya njia panda. Zinatufikia sisi, picha mia tano kwa mtu kwa siku. Tumefundishwa kuangalia vitu vitatu: taa, mstari, namba. Vikionekana vyote unabonyeza "Pitisha", na mwenye gari anatumiwa faini. Kimoja kisipoonekana unabonyeza "Haisomeki", na imeisha. Mkuu wetu anapita nyuma ya viti akisema, "Macho kwenye namba, macho kwenye namba."

Chini ya kibodi yangu kuna kikaratasi chenye namba za magari saba. Si magari ya wagonjwa wala zimamoto, hayo yana sheria yake. Siku yangu ya pili kazini mkuu aliniambia hawa ni watu wetu, wasisumbuliwe. Yakija unabonyeza "Haisomeki", hata kama namba inasomeka kutoka mwezini. Tulikuwa tunataniana kwamba ni magari ya vipofu.

Lile jeusi ni mojawapo. Kwa mwaka mmoja na nusu nimelibonyezea mara kumi na tisa. Mara ya ishirini ni tarehe 3 Machi, saa nne na dakika ishirini na moja. Niliangalia taa, nyekundu. Mstari, umepitwa. Namba, nikaijua. Nikabonyeza. Mfumo unaonyesha nilitumia sekunde nne.

Kwenye picha ya pili, kona ya kushoto, yupo kaka. Yuko katikati ya kivuko na mkoba wake wa vifaa, na taa ya waenda kwa miguu mbele yake ni ya kijani, inaonekana vizuri kabisa.

Sikumwona. Nilimpita ndugu yangu kama ninavyopita nguzo. Saa saba nikaenda kula, nikamaliza, nikaongeza. Simu yako ilinikuta nanawa mikono.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliifungua picha siku ile ile. Nilitapika kwenye kapu la karatasi mbele ya wenzangu, nikasingizia mayai. Halafu nikakaa nikakuandikia habari za unyevu na lenzi. Kumi na tisa za mwanzo, kama ningepitisha hata nne, leseni ya yule mtu ingekuwa imezuiwa. Hiyo ndiyo sheria, naijua kwa moyo.

Humu nimeweka nakala. Tafadhali waambie uliikuta chini ya mlango. Nina mtoto, shemeji. Kazi hii ndiyo tunayoitegemea.

Shemeji yako


26 Aprili

Kwa ndugu wa mume wangu,

Watoto hawajambo.

Barua yako nimeitoa nje, nimeifunika kwa beseni karibu na karo. Sikutaka ikae chumba kimoja na picha ya kaka yako ya ukutani.

Picha uliyotuma nimeiangalia. Amevaa shati la mistari, lile lenye kifungo cha tatu nilichoshonea uzi mweusi kwa sababu mweupe uliisha. Alisema hakuna atakayeona. Anatazama mbele. Hata hakujua.

Ungeniambia ulimwona ukaogopa, ningekuelewa. Woga naujua, mimi mwenyewe naogopa panya. Lakini unaniambia macho yako yamezoezwa hivyo, na mlikuwa mnataniana. Nasikia kinyaa. Yule wa juisi nilimwaga juisi yake, basi. Wewe nitakumwaga wapi? Watoto wangu wana pua kama yako.

Nimekwenda mahakamani na nakala yako. Karani, mama mmoja mpole, akaniambia picha isiyo na mwenyewe ni karatasi tu. Anatakiwa mkaguzi aliyeikagua aizuie isifutwe, kisha aje aape na aseme kwa nini haikupitishwa. Nilimuuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema hakuna.

Naituma hii kwa basi la asubuhi ikuwahi. Una siku sita. Mtoto wako nampenda, na najua unachokipoteza. Lakini sitasema niliikuta chini ya mlango. Kaka yako hakuvuka kwa kujificha.

Mke wa kaka yako


13 Mei

Shemeji,

Natumaini ulifika salama, na kwamba nyumbani wanaendelea vizuri. Sisi hatujambo.

Sikutegemea kukuona. Ulipoitwa nilidhani wamekosea jina. Nilisikia yote, hata ile karatasi ya namba saba, na nilimwona mkuu wako akiinama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Wakili wa dereva alipokuuliza kwa dharau, "Kwa hiyo hata ndugu yako mwenyewe hukumwona?" ukajibu, "Sikumwona. Nililipwa kutomwona, nikazoea." Ukumbi wote ulikugeukia. Dereva ndiye pekee aliyekuwa anaangalia simu yake.

Jana wamesoma uamuzi. Sikuwa na hamu ya kusikia sehemu ya adhabu, kaka yangu mwenyewe, niliyekwenda naye, ndiye aliyenieleza baadaye kwamba leseni ya dereva imechukuliwa na atafunguliwa kesi ya kuua. Mimi nilikuwa nasubiri sentensi moja. Karani akaisoma: marehemu alikuwa kwenye kivuko, taa yake ikiwa ya kijani, na hakuwa na kosa lolote. Nikainua mkono kama mwanafunzi, nikaomba airudie. Hakimu akakubali. Akairudia polepole, na mwanangu mkubwa akaiandika kwenye daftari lake la shule.

Nimesikia wamekusimamisha kazi. Nimemwandikia mke wako pembeni, kuna mtu wa mafriji anatafuta karani wa stoo, kama utataka.

Nilikuona ukinisubiri kwenye ngazi. Nilipitia mlango wa nyuma, kwa makusudi. Nilijaribu kugeuka, nikajikuta naendelea kutembea. Si chuki, chuki ningeimudu. Ni kwamba nikikutazama nawaza macho yako yanaangalia nini.

Watoto wanakuulizia. Nimewaambia baba mdogo alikwenda akasema ukweli. Ni kweli, sikuwadanganya. Yaliyobaki watajua wakikua.

Usije kwanza. Andika. Barua zako nitazisoma. Uso wako, bado.

Shemeji yako