Mama Alipoinuka Ukumbini

Shoga, usinipigie, soma tu. Nimejifungia choo cha ukumbi wa sinema na Mama yuko nje ya mlango.

Ni ile filamu ya familia niliyokuambia, ya kutetea uhai wa mtoto aliye tumboni. Mama alinunua viti vya safu nzima ili tuiunge mkono, akaniweka katikati, shangazi kulia, wifi kushoto. Filamu nzuri, sikatai. Nimelia kama wengine.

Ilipokwisha, mwenye shughuli akauliza nani ana neno. Mama akainuka. Mama yangu huyu, asiyeweza hata kuombea chakula mbele ya wageni.

Akashika kipaza sauti: "Mimi mimba yangu ya kwanza nilikwenda kuitoa. Nikafika mlangoni, nikarudi. Mtoto mwenyewe yule pale."

Yule pale, shoga. Kaninyooshea kidole. Ukumbi mzima ukageuka, makofi yakapigwa, shangazi kaning'ang'ania mkono. Nitoke nipitie wapi? Nikabaki natabasamu kama niliyebandikwa.

Yule pale. Miaka yote hii, nakuja kujua siku moja na muuza bisi wa ukumbini.

Sasa anaongea mlangoni, taratibu. "Nyumbani ungeniuliza kwa nini nilikwenda, mwanangu. Nilikuogopa. Leo nimepata nguvu kwa sababu ya watu."

Nikamuuliza, "Na kwa nini ulirudi?"

Akasema, "Sijui. Nilikuwa nimeshakuzoea."

Shoga, nafungua mlango.