Mwaka Mmoja Bila Mama Umeona-Nini

Mke wangu mpenzi,

Leo mwaka umetimia tangu ulipotoka humu ndani asubuhi kwenda kazini, na saa saba mchana nikapigiwa simu niende haraka. Moyo wako ulikuwa umesimama, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako, faili la mtoto liko wazi mbele yako. Wenzako walinipa maji ya kunywa. Nilirudi nyumbani nikakaa, na ni kama bado nimekaa palepale.

Nyumba imekuwa kubwa. Nawasha redio asubuhi ili kuwe na mtu anayesema. Binti yetu hupiga simu kila jioni kuniuliza nimekula nini. Namdanganya kidogo, naye anajua.

Kwa miaka ishirini na sita uliwatibu watoto kwa njia ya michezo. Waliletwa kwako watoto walioona mambo wasiyoweza kuyasema, nawe ukawapa mchanga, wanasesere na udongo wa kufinyanga, ukakaa nao sakafuni. Lakini wenzako wanasema umahiri wako ulionekana zaidi mtoto alipokwisha kutoka. Ulichukua faili lake ukaandika papo hapo, kabla ya chai, kabla ya choo, kabla mwingine hajaingia. Saa aliyofika, nani kamleta, alichogusa kwanza, maneno yake kama alivyoyasema, hata yakiwa matusi. Kisha ulipiga mstari, na chini ya mstari ndipo ulipoandika unavyodhani wewe, na mtakachofanya wiki ijayo. Ukurasa mmoja, bila kutia chumvi.

Mwanafunzi akikuletea maelezo yanayosema "mtoto alikuwa na hasira," ulimrudishia.

"Umeona nini?"

"Alimtupa mwanasesere ukutani mara tatu, halafu akamfunika na leso."

"Basi andika hivyo. Hiyo hasira ni yako mpaka mwenyewe aseme."

Ndiyo maana wakakubandika jina la Mama Umeona-Nini, nawe ukajifanya hulijui.

Siku ya mazishi, yule binti uliyemfundisha kazi alitusimulia jambo ambalo hukuwahi kutuambia. Zamani uliwaona watoto watatu mfululizo, ukachoka, ukasema utaandika baadaye. Ulipoandika, ukampa mtoto mmoja mchezo wa mwenzake, ule wa kumfukia baba kwenye mchanga. Baba wa watu akaitwa, akahojiwa kwa jambo lisilomhusu. Ulipogundua, hukufuta. Ulikata kwa mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, ukaandika ukweli pembeni, tarehe na saini, kisha ukaenda mwenyewe kumwomba radhi. Kila mwanafunzi mpya ulimsimulia kisa hicho siku yake ya kwanza, bila kumtaja mtoto wala mzazi.

Nyumbani nako hatukupona. Siku moja nilirudi nimefura.

"Yule fundi cherehani ana dharau!"

"Umeona nini?"

"Nimemsalimia, hajaitikia."

"Mdomoni alikuwa na nini?"

Ikabidi niseme: pini. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Ila watoto wako wa kazini hukuwaleta mezani kwetu. Siri zao zilibaki kwenye kabati la ofisini, chini ya kufuli, nawe ulirudi umechoka, huna la kusema. Nilikuwa nakula na mtu aliye mbali. Hilo liliniuma kwa miaka, na asubuhi ile ya mwisho, tukinywa chai, likanitoka: "Watoto wa watu unawaandika neno kwa neno. Mimi hata hujui nilisema nini jana." Ulitoka, ukafunga mlango bila kuaga.

Ndugu na majirani niliwaambia umefariki ghafla. Sikuwaambia kwamba umefariki ukiwa umenikasirikia. Hilo nimelibeba peke yangu mwaka mzima.

Kuna siku yule binti wa kazini kwako alikuja kunijulia hali. Alisema amemrithi mtoto wako mmoja, ambaye alikuwa hasemi na mtu. Alisoma maelezo yako akajua akae upande gani wa chumba, akajua asimsemeshe mpaka amalize kupanga wanyama wake wa kuchezea. Mtoto akaingia, akaendelea pale mlipoachia. Hakulazimika kuanza upya na mtu mgeni. Nilimshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani, na niliporudi ndani nililia kwa wivu. Mimi sikuachiwa faili.

Juzi binti yetu alikuja tuandike tangazo hili la kumbukumbu yako. Nikamwonyesha nilichokuwa nimeanza: uliondoka umenikasirikia, nisamehe. Alisoma, akanitazama.

"Baba, hiyo hasira uliiona?"

"Alifunga mlango bila kuaga."

"Hilo umeliona. Kabla ya hapo je?"

"Alisuuza vikombe."

"Vyote?"

"Chake na changu."

"Halafu?"

"Akavaa viatu. Akafika mlangoni, akarudi. Miwani yangu ilikuwa kwenye kiti, nilikuwa karibu kuikalia. Akaiokota, akaniwekea mezani. Ndipo akatoka."

Mwaka mzima nimeusikia mlango ule, na miwani sikuikumbuka hata siku moja.

Sisemi hukukasirika. Huenda ulikasirika, na ulikuwa na haki. Sijui, na wa kuniambia hayupo. Lakini hasira niliyoishi nayo mwaka huu sikuiona kwako. Niliiandika mwenyewe, nikaisoma kila siku mpaka nikaiamini. Nisamehe kwa hilo, na kwa neno lile la mezani.

Na kama ni kuandika niliyoyaona tu, basi niandike na hili, ambalo binti yetu hakuniuliza: mimi pia sikukuaga. Nilikaa na mdomo wangu mzima, usio na pini, nikakutazama unatoka. Leo nakuaga, nimechelewa mwaka mzima. Haya, mke wangu. Kazi njema.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, binti yetu na mumewe, wajukuu zako wawili, mdogo wako wa kike na watoto wake wanaokuita mama mkubwa, mawifi zako, pamoja na wenzako wote wa kazini.

Hatutakusahau maisha yetu yote.