Damu ya mkwe wangu

Lubumbashi, Jumanne

Niwie radhi, daftari langu. Wiki tatu nilikosa nguvu hata za kushika kalamu. Juzi niliongezewa damu, na leo nimetembea hadi sokoni bila kupumzika njiani, nikabishana na muuza mihogo mpaka akapunguza bei.

Wasiwasi wangu ni mwezi ujao, nitakapoongezewa tena. Hospitali inataka ndugu wa kutoa damu, na wote wamekwisha kutoa. Amebaki mume wa binti yangu, mkwe ambaye kwa heshima sili naye meza moja.

Binti yangu alicheka. "Mama, damu yake haitakaa na wewe ku meza."

Wazee hawakutuachia neno juu ya hili. Lakini kutembea ni kutamu. Nikishaamua nitakuandikia wewe kwanza, kabla binti huyo hajanicheka tena.