Treni ya Leonhard

Haslenbach,
Württemberg,
24 Machi 1918.

Mpendwa Dada Walburga,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Hamburg? Sisi miili ni mizima, ila mimi tangu jana sijalala.

Uliniomba nikwambie siku ya kusafiri uje hapa umpokee mwanao Leonhard. Usije, dada. Amepita hapa, yu hai, lakini hakushuka.

Unajua tulivyofurahi amani na Warusi ilipotiwa saini. Vita vya mashariki vimekwisha, divisheni ya vijana wetu inarudi, nani angefikiri vingine? Jana tukasikia treni yao itasimama hapa kutia maji. Kijiji kizima kikahamia stesheni. Mume wangu Gottlob alijikwatua kama bwana harusi. Mimi nilioka keki kwa unga wa mwisho. Kengele za kanisa si zilichukuliwa zikayeyushwe ziwe mizinga, basi wanawake tukagonga masufuria, na matarumbeta yakapigwa.

Treni ikasimama. Mabehewa yalikuwa yamefungwa kwa nje, askari wenye bunduki wanalinda milango. Gottlob akamuuliza mmoja, "Kijana, mbona hamfungui? Hawa wamefika kwao."

Yule hata hakumtazama. "Rudi nyuma, mzee. Hawa wanakwenda Ufaransa. Treni iliyotangulia watu walitoroka, hii hatoki mtu."

Na matarumbeta hayakunyamaza, maana wapigaji walikuwa mbali, hawajasikia lolote. Vijana mle ndani walishangilia, wakaanza kuimba. Sisi ndio tuliowadanganya, dada, kwa furaha yetu.

Nilipita behewa kwa behewa nikiita jina lake mpaka akaitika. Niliona vidole vyake tu kwenye upenyo wa mbao, nikavishika. Keki niliisukuma ikapondeka. Akacheka, "Mama mdogo, bado unaziunguza tu?" Sikumwambia treni inakwenda wapi.

Treni ikaanza kusogea. Akagonga ubao, wala hakuwa na hofu. "Mama mdogo, kimbia ukawaambie tumo humu. Wametusahau."

Nikakimbia, dada, kana kwamba kulikuwa na wa kumwambia.

Gottlob anakusalimu, na shangazi Ottilie pia. Mungu akushike mkono, na huko Ufaransa amfunike mwanao.

Mdogo wako akupendaye,
Kreszentia