Jina Nililolitaja

Radom, 3 Juni 1945

Dada yangu mpendwa Zenobia,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za mama. U hali gani huko milimani? Na shangazi, miguu yake inaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini viazi vipo, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwamba mlango naufungua mwenyewe.

Nakuandikia habari za Leokadia. Ni mfuaji nguo, niliyelala naye godoro moja gerezani baada ya Wajerumani kunikamata kwa kuwafundisha watoto historia yetu kwa siri. Yeye alichinja nguruwe wake bila kibali. Alipenda kusema kwamba mwalimu kafungwa kwa ajili ya wafalme, yeye kwa ajili ya soseji. Niliposhindwa kusimama alinimegea mkate wake. Nikilia, alinitania: “Mwalimu, machozi yako yangekuwa na sabuni, ningeshamaliza shuka zote!”

Siku ya Jumanne Leokadia alirudi kutoka kambini, mifupa mitupu. Tumempa kitanda chako, usikasirike. Mama anamlisha supu ya shayiri kijiko kwa kijiko, naye analalamika chumvi haitoshi. Furaha yangu, dada, sina pa kuiweka.

Sasa lililo moyoni. Siku ya tatu ya kuhojiwa walitaka jina la mwenye nyumba tuliyofundishia. Walinipiga, nikasema: Zenobia. Ni mimi niliyekutaja, si mwingine. Niliporudishwa chumba cha gereza nilimwambia Leokadia, nikitarajia atanitemea mate. Akanipa kipande cha penseli. “Umemtaja kwa mdomo, basi muonye kwa mkono. Andika upesi, mimi kusoma sijui.”

Mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Niliandika kwa wa kushoto, ndiyo maana hukuujua mwandiko. Akaishona karatasi katika pindo la shati la mfungwa mmoja, ambaye mama yake alikuja mchana uleule kuchukua nguo chafu, na alizoea kupekua mapindo. Ni yeye aliyekuletea, ndivyo ulivyowahi treni ya kukimbilia huko milimani.

Wiki iliyofuata walimkuta Leokadia na sindano. Walimng'oa meno kwa kipigo, hakusema ilishona nini. Ndipo wakampeleka kambini.

Sikuombi unisamehe leo. Ukiwa na hasira, usiniandikie mimi, mwandikie yeye. Nitamsomea kila neno, hata yale yatakayonihusu.

Msalimie sana shangazi, umwambie mama anamkumbuka.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai na mwenye shukrani,
Wacława