Njia ya Maskati Iko Wazi

Jumanne, 9 Machi 1999

Nimefungua duka langu la intaneti, nimefagia vumbi la Barabara ya Morogoro, nimewasha kompyuta zote mbili. Mama kaja na chai yake. Kafunika modemu kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama anavyofunika redio nyumbani. Kidude hicho ndicho kinacholeta barua za kaka yangu Salum kutoka Maskati. Ya mwisho ilisema leo anapasuliwa tumbo. Simu hana. Kabla ya adhuhuri mtandao ukakatika.

Jumatano, 10 Machi

Umekatika tena. Wateja wamenuna, wamekwenda zao. Mama kabaki kwenye benchi na tasbihi yake. Nimechoka kuangaliwa.

Alhamisi, 11 Machi

Nimeilaani kampuni ya mtandao asubuhi nzima. Fundi Rashidi kapita, kanicheka, kanifundisha ping. Kumbe ni kompyuta moja kuipigia nyingine hodi tu, kuona kama itaitikia.

"Sista, usianze na watu wa mbali. Anza kwako, nenda kwa jirani, ndio utoke nje. Pale pasipoitikiwa, chunguza hapohapo."

Nimepiga hodi kwenye kompyuta yangu mwenyewe: imejibu. Ya pili, jirani yake: imejibu. Ya kampuni, huko mjini: kimya. Basi ubovu uko mlangoni kwetu. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Modemu ya moto, nusura iniunguze; joto ndilo linalokata mtandao. Mama alikikunja kitambaa mara mbili ili vumbi lisipenye. Barua za mwanawe kazizuia mwenyewe, kwa mapenzi. Nilitaka kucheka, nikalia.

Jumamosi, 13 Machi

Nimemwambia Mama kitambaa kinafuliwa. Mtandao haujakatika tangu jana. Nimepiga hodi hadi Maskati, kwenye mashine inayopokea barua za Salum. Imejibu upesi.

Barua hakuna. Naogopa. Afadhali ule ubovu, nilikuwa na wa kumlaumu. Nimemuuliza Rashidi kama ping inaweza kumtafuta mtu. Kasema hapana, mashine tu. Akaacha utani.

Jumatatu, 15 Machi

Mtandao mzuri tangu nifungue. Barua hakuna. Mama kaniuliza, "Umekatika tena, mwanangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama."

Nikatoa kitambaa mkobani, kimeshapigwa pasi. Kakipokea, kakikunja mara mbili, kafunika.